Dodoma na Brasília: namna ya kulinganisha miji miwili iliyo mbali

Kijana mmoja wa kidato cha tatu alinijia nyumbani Jumamosi moja ya Julai, upepo ukivuma wa kupeperusha ndoo, daftari kalibana kwapani.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Ingia ndani, vumbi hilo litakumaliza."

Walikuwa wamepewa kazi ya likizo: linganisha Dodoma na mji wowote wa nchi ya mbali kwa mahali ulipo, tabianchi yake na idadi ya watu. Yeye alichagua Brasília, makao makuu ya Brazili, kwa sababu alisoma kwamba nao waliihamisha serikali kutoka pwani kuipeleka bara. Chaguo nimelipenda. Brasília ilizinduliwa tarehe 21 Aprili 1960 kuchukua nafasi ya Rio de Janeiro. Sisi TANU iliamua kuhamia Dodoma mwaka 1973, na safari yenyewe ikaja kushika kasi kuanzia 2016. Kuna cha kulinganisha hapo.

Kisha akanifungulia jedwali lake. Mstari wa kwanza ulisomeka hivi: Dodoma watu 3,085,625, Brasília watu 2,817,381, kwa hiyo Dodoma ni mji mkubwa kuliko Brasília.

"Ukishuka stendi ya Nane Nane, ukapita Makole, Majengo, Chang'ombe, ukamalizia Nkuhungu, unawaona hao watu milioni tatu?"

Akacheka. "Siwaoni mwalimu. Lakini namba ni za sensa."

Ni za sensa kweli, tena zote mbili ni sahihi. Kosa halikuwa kwenye namba. Tukakaa na lile jedwali mpaka chakula cha mchana, tukalibomoa mstari kwa mstari. Ninachoandika hapa ni ile kazi ya siku ile, kwa mpangilio ambao ningeufuata tena. Ukitaka kulinganisha Dodoma na Hanoi au Singida na Lima, hatua ni zilezile.

Hatua ya 1: Amua "Dodoma" ipi

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayoharibu kila kitu kinachofuata. Jina Dodoma limebebwa na vitu zaidi ya kimoja. Kuna mkoa wenye wilaya saba: Kondoa, Chemba, Bahi, Chamwino, Kongwa, Mpwapwa na Dodoma yenyewe. Wale watu milioni tatu na kitu ni wa mkoa. Bibi anayelima karanga Mpwapwa yumo, mfugaji wa Chemba yumo. Halafu kuna Jiji la Dodoma, yaani eneo la halmashauri ya jiji, ambalo sensa ya 2022 ililihesabia watu 765,179. Na ndani ya jiji hilo kuna "mjini" tunapopasema sisi wenyewe, maana mtu wa Hombolo au Mpunguzi, kwenye mashamba ya zabibu, akipanda gari kuja sokoni atakwambia anakwenda mjini ingawa kwenye karatasi yumo jijini tangu asubuhi.

Brasília nako hivyohivyo. Lile eneo maarufu lenye umbo la ndege, alilolichora Lúcio Costa, linaitwa Plano Piloto, na ni sehemu ndogo tu. Kulizunguka kuna miji kama Ceilândia na Taguatinga, na wakazi wengi wako huko. Vyote kwa pamoja vinaunda Distrito Federal, na ile namba ya 2,817,381 ni ya Distrito Federal nzima.

Sasa, kipi kiende na kipi? Tulikubaliana Jiji la Dodoma kwa Distrito Federal, kwa sababu kila moja ni eneo la utawala lenye mji, vitongoji na mashamba ndani yake. Hazilingani barabara. Jiji la Dodoma ni chini ya nusu ya Distrito Federal kwa eneo. Lakini ni jozi inayoeleweka, kuliko mkoa wenye wafugaji na mapori dhidi ya makao makuu ya nchi. Andika uamuzi wako juu kabisa ya ukurasa, kabla ya namba yoyote: "Dodoma hapa maana yake ni eneo la halmashauri ya jiji." Sentensi moja tu.

Hatua ya 2: Pata mahali, kisha uangalie alama

Fungua ramani kwenye simu, weka kidole juu ya Nyerere Square, kibonyeze na kukishikilia mpaka pini itokee. Namba mbili zitaonekana: -6.17 na 35.74 hivi. Fanya vilevile kwa kituo kikuu cha mabasi cha Brasília, katikati kabisa ya lile umbo la ndege: -15.79 na -47.88. Ya kwanza ni latitudo, ya pili longitudo. Alama ya kutoa kwenye latitudo ni kusini mwa ikweta. Kwenye longitudo ni magharibi mwa Greenwich.

Alama hiyo ndogo ina nguvu ya kuhamisha miji. Yule kijana aliandika Dodoma 6.17 bila kutoa, tukaipachika namba hiyo kwenye ramani, ikatupeleka kusini magharibi mwa Ethiopia. Brasília akaiandika -15.79, 47.88, nayo ikatua kaskazini magharibi mwa Madagaska. Basi kila ukimaliza kuandika namba, zirudishe kwenye ramani uone zinakutua wapi. Ni kazi ya nusu dakika.

Mtego wa pili: 6.17 si nyuzi 6 na dakika 17. Vitabu vya shule huandika kwa nyuzi na dakika, simu huandika kwa desimali. Chukua ile sehemu ya desimali uizidishe kwa 60: 0.17 mara 60 ni kama 10, kwa hiyo Dodoma iko nyuzi 6 na dakika 10 kusini. Brasília ni nyuzi 15 na dakika 47.

Baada ya hapo tafuta umbali. Miji ikiwa upande mmoja wa Greenwich unatoa longitudo, kama Dodoma na Dar es Salaam; ikiwa pande mbili tofauti unajumlisha. Hapa ni 35.74 kujumlisha 47.88, jumla nyuzi 83.62. Karibu na ikweta nyuzi moja ni kama kilomita 111, kwa hiyo kisio la haraka ni kilomita 9,280. Ukiipima kwa njia fupi juu ya tufe unapata kama 9,140. Zimekaribiana kwa kuwa miji yote miwili haiko mbali na ikweta. Njia hii ya mkato usiijaribu kwa Oslo, itakuaibisha.

Hapo tukafika kwenye saa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo penye utamu.

Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, yaani nyuzi moja kwa dakika 4. Nyuzi 83.62 mara 4 ni dakika 334, au saa 5 na dakika 34. Lakini ukitazama saa za kawaida, Dodoma iko mbele ya Brasília kwa saa 6 kamili. Zile dakika 26 zimekwenda wapi? Zimemezwa na mipaka ya kanda za saa. Tanzania inatumia saa ya longitudo 45 mashariki, na Brasília inatumia ya longitudo 45 magharibi. Dodoma haipo kwenye 45. Iko nyuzi 9 na kidogo magharibi yake, kwa hiyo jua letu huchelewa kufika katikati ya anga kwa kama dakika 37. Brasília nayo imesogea magharibi ya 45 yake, lakini kwa nyuzi 3 tu, ikichelewa dakika 12 hivi.

Kijana hakuamini. Tukachomeka kijiti wima uani, mahali palipokingwa upepo, tukawa tunaweka alama ya kivuli kwa jiwe kila baada ya dakika kumi kuanzia saa sita kamili. Kivuli kiliendelea kufupika. Saa sita na robo kinafupika, saa sita na nusu kinafupika. Kifupi kuliko vyote kilikuja saa sita na dakika arobaini na kitu, tena kikielekea kusini, maana Julai jua liko kaskazini yetu. (Zile dakika za ziada juu ya 37 ni za mwezi wa Julai, mwendo wa jua hauendi sawa na saa ya ukutani kila siku ya mwaka.) Ukifanya jaribio hili hapa Dodoma hutasahau tena maana ya longitudo.

Na jambo hili Mswahili pekee ndiye anayelifaidi. Tofauti ya Dodoma na Brasília ni saa 6, na saa ya Kiswahili nayo imepishana na saa ya kizungu kwa 6. Kwa hiyo saa unayoitamka hapa ndiyo inayosomeka kwenye saa ya mishale kule. Dodoma ikiwa saa tatu usiku, mshale wa Brasília uko kwenye 3, alasiri kwao. Dodoma saa sita mchana, kule ndiyo kwanza 6 ya alfajiri. Huna haja ya kupiga hesabu. Na tangu Brazili ilipoacha mwaka 2019 utaratibu wa kusogeza saa mbele kwa msimu, hali iko hivyo mwaka mzima.

Mwinuko usiuache nje. Dodoma iko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, Brasília kama 1,160. Karibu sawa. Utaihitaji namba hii sasa hivi.

Hatua ya 3: Tabianchi, na si hali ya hewa ya leo

Kwenye jedwali la kwanza kijana aliandika joto la siku ile kama simu ilivyomwonyesha. Hiyo ni hali ya hewa. Tabianchi ni wastani wa miaka mingi, na kipimo kinachotumika sasa duniani ni cha miaka 30, 1991 hadi 2020. Takwimu za kwetu ziko Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA. Za Brazili ziko kwa taasisi yao iitwayo INMET. Hakikisha miaka inafanana. Usichukue wastani wa 1961 hadi 1990 wa mji mmoja ukaupambanisha na wa 1991 hadi 2020 wa mwingine, kwa sababu dunia imepata joto katikati hapo, na tofauti utakayoiona inaweza kuwa ya miaka, si ya miji.

Anza na joto, utalimaliza upesi. Wastani wa mwaka Dodoma ni kama nyuzi 23, Brasília 21 na kidogo. Asubuhi za Julai huko na huku hushuka hadi 13 au 14. Joto kali kuliko yote hapa ni Novemba, kule ni Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza. Mtu wa Dodoma akipelekwa Brasília mwezi wa sita hatahitaji koti jipya. Ndiyo kazi ya ule mwinuko: miji yote miwili iko kwenye tropiki, lakini kilomita moja na zaidi juu ya bahari imeipoza.

Urefu wa mchana nao uutaje kwa mstari mmoja. Hapa kwetu siku ndefu kuliko zote inaizidi fupi kwa dakika arobaini na kitu. Brasília, iliyo mbali zaidi na ikweta, tofauti inakaribia saa mbili.

Kwenye mvua sasa shika kalamu vizuri. Dodoma hupata kama milimita 570 kwa mwaka. Brasília hupata kama 1,480. Kijana aliandika "Brasília ina mvua nyingi kuliko Dodoma" akaridhika. Nikamwambia namba hiyo haijasema kitu mpaka uigeuze kuwa kitu unachokijua. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Chukua nyumba ya kawaida yenye bati la mita 6 kwa 10, mita za mraba 60. Zidisha. Dodoma: lita 34,200 kwa mwaka. Brasília: lita 88,800. Ondoa sehemu ya tano kwa yanayorukia nje ya mfereji na yanayokauka batini, unabaki na kama 27,000 na 71,000. Kwa matangi ya lita 5,000, ya kwetu yanajaa matano na nusu, ya kwao kumi na manne. Hapo hata mama yake aliyekuwa akisikiliza kwa simu alielewa.

Halafu vunja mwaka kwa miezi, maana wastani wa mwaka unaficha. Dodoma haina vuli na masika kama pwani au Kilimanjaro. Ina msimu mmoja tu, ndiyo maana TMA wanaziita mvua za msimu, Novemba hadi Aprili. Na hata ndani ya miezi hiyo, nyingi huanguka Desemba mpaka Machi. Juni hadi Septemba safu ya jedwali ni sifuri, sifuri, sifuri, sifuri. Brasília nayo ina msimu mmoja, Oktoba hadi Aprili, na ukavu wa Mei hadi Septemba. Umbo ni lilelile. Kinachotofautiana ni kimo: Novemba na Desemba za Brasília kwa pamoja zinakaribia milimita 500, yaani pungufu kidogo tu ya mwaka wetu mzima.

Usidhani basi kule hakuna kiangazi cha kuumiza. Mwaka 2024 Brasília ilipitisha zaidi ya siku 160 mfululizo bila tone. Unyevu wa hewa hushuka chini ya asilimia 20, midomo inapasuka, vumbi jekundu linaingia hadi kwenye kabati. Ukimsimulia mtu wa Ipagala, hapa Dodoma, atafikiri unamsimulia Agosti ya kwao.

Baada ya "kiasi gani" jiulize "kwa nini", la sivyo kazi yako ni orodha ya namba tu. Pepo za kusini mashariki zinazotoka Bahari ya Hindi hukutana kwanza na milima ya mashariki: Uluguru, Nguru, Ukaguru, Rubeho. Huko zinapandishwa, zinapoa, zinamwaga mvua. Zikishuka upande wa Ugogo zimekwisha kujikamua. Anayesafiri kwa basi kutoka Morogoro analiona hili kwa macho. Ukipita Gairo kuja Kongwa kijani kinafifia, mibuyu inaanza. Brasília haina ukuta wa namna hiyo. Kuanzia Oktoba hewa nyevu ya Atlantiki, iliyoongezewa mvuke na msitu wa Amazoni, husukumwa kusini hadi juu ya uwanda wao.

Tulifanya kosa moja hapa, na ni langu. Nilimwambia kijana aandike 570 na tuendelee. Baadaye nikamrudisha. Wastani wa mvua ya Dodoma ni namba inayotembea sana mwaka hadi mwaka, na maisha ya mji huu yanategemea miaka isiyo ya wastani. Maji ya bomba kwa miaka mingi yametoka kwenye visima vya bonde la Makutupora, kule Mzakwe. Kumbukumbu za visima hivyo za zaidi ya miaka 50 zinaonyesha kwamba maji ya chini hayapandi kila msimu. Hupanda kwa kishindo miaka michache ya mvua kubwa, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998, kisha hushuka taratibu kwa miaka. Kwa hiyo chini ya wastani weka sentensi inayosema mvua inabadilika kiasi gani. Kwa Dodoma sentensi hiyo ina uzito kuliko wastani wenyewe.

Hatua ya 4: Watu, na tarehe waliyohesabiwa

Kwa bahati nzuri sensa zetu mbili zimekaribiana. Tanzania ilihesabu kwa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022. Brazili ilichukua usiku wa kuamkia tarehe 1 Agosti 2022. Wiki tatu tu. Ni nadra kupata hivyo, mara nyingi utakuta mji mmoja una sensa ya 2022 na mwingine ya 2015, na hapo inabidi useme wazi. Takwimu zetu ziko Ofisi ya Taifa ya Takwimu, iliyo hapahapa Dodoma, na za Brazili kwa IBGE, ofisi yao ya takwimu.

Angalia uandishi wa namba kabla ya kunakili. Sisi tunatenga maelfu kwa mkato na desimali kwa nukta. Wabrazili ni kinyume chake: 2.817.381 ni watu milioni mbili na laki nane, na 1.479,4 ni milimita elfu moja mia nne na ushee. Mwanzoni kabisa kijana alikuwa ameandika mvua ya Brasília ni milimita 1.479, akashangaa mbona wana msitu.

Tukishatumia Jiji la Dodoma badala ya mkoa, jibu linapinduka: 765,179 kwa 2,817,381. Brasília ina watu karibu mara 3.7.

Msongamano unahitaji eneo, na eneo nalo lina vituko. Kwa Jiji la Dodoma nimekutana na kilomita za mraba 2,576 kwenye karatasi moja na 2,769 kwenye nyingine. Ukigawa kwa ya kwanza unapata watu 297 kwa kilomita ya mraba, kwa ya pili 276. Chagua moja, iandike, usirukeruke. Distrito Federal ina kama kilomita za mraba 5,760, kwa hiyo ni watu 489. Na mkoa wetu mzima, wenye kilomita za mraba 41,311, ni watu 75. Zitazame hizo 297 na 75 zinavyopishana, zote zikiitwa Dodoma. Ndiyo sababu niling'ang'ania hatua ya 1.

Ukuaji ndio wengi wanaukosea. Mwaka 2012 eneo la Jiji la Dodoma lilikuwa na watu 410,956. Hadi 2022 ni ongezeko la asilimia 86. Kijana akagawa kwa 10, akapata asilimia 8.6 kwa mwaka. Hapana. Waliozaliwa na waliohamia mwaka wa kwanza nao wanaongeza watu mwaka wa pili, kama riba ya kikoba. Kwenye kikokotoo cha simu, gawa 765,179 kwa 410,956, unapata 1.862, kisha ipandishe kwa kipeo cha 0.1, kwa sababu ni miaka 10. Jibu 1.064, yaani asilimia 6.4 kwa mwaka. Kwa Distrito Federal sensa ya nyuma ni ya 2010, watu 2,570,160. Hapo ni miaka 12, si 10, kwa kuwa sensa yao ya 2020 iliahirishwa wakati wa korona. Ukiiruka miaka hiyo miwili umeharibu. Hesabu sahihi inatoa chini kidogo ya asilimia 0.8 kwa mwaka.

Ukitaka kujua mji utaongezeka maradufu baada ya muda gani, gawa 70 kwa asilimia ya ukuaji. Dodoma ni kama miaka 11, kasi ikibaki hivyo. Brasília ni karibu miaka 90.

Lakini je, ni haki kulinganisha kijana na mtu mzima? Distrito Federal mwaka 1960 ilikuwa na kama watu 140,000. Mwaka 1970 walikuwa zaidi ya 537,000. Kwa maoni yangu ulinganisho wenye maana kuliko wote ni huu: Dodoma ya sasa kwa Brasília ya miaka ile ya sitini, miji miwili ikipokea watumishi wa serikali, mafundi na wachuuzi kwa mkupuo. Mwaka wa kalenda ni mmoja, umri wa miji ni mwingine. Ukiweza, weka safu zote mbili.

Na hapo watu na mvua vinakutana. Brasília, pamoja na milimita zake 1,480 na ziwa la Paranoá lililotengenezwa kwa kuzuia mto, iliingia kwenye mgao wa maji kuanzia Januari 2017 hadi katikati ya 2018. Mwanafunzi atakayeandika "Brasília haina shida ya maji kwa sababu mvua ni nyingi" ameziona safu mbili za jedwali lake bila kuzisoma pamoja.

Hatua ya 5: Chora, kisha uandike

Chora mvua ya miezi 12 kwa nguzo, mji mmoja juu, mwingine chini. Kipimo cha pembeni kiwe kimoja kwa chati zote mbili, sifuri hadi 300. Programu za kompyuta zina tabia ya kujichagulia kipimo: chati ya Dodoma inaishia 150, ya Brasília 300, na nguzo zinaonekana kulingana kana kwamba miji ni pacha. Badilisha kwa mkono.

Katika maandishi, shule inataka vitu viwili: kulinganisha, yaani yanayofanana, na kulinganua, yaani yanayotofautiana. Usiandike kurasa mbili za Dodoma halafu kurasa mbili za Brasília ukamwachia msomaji kazi. Miji yote miwili iwemo ndani ya kila aya. Hivi ndivyo alivyoandika ya mvua, baada ya kufuta mara tatu:

"Jiji la Dodoma na Distrito Federal yana msimu mmoja wa mvua na kiangazi kirefu katikati ya mwaka. Hata hivyo Dodoma hupata milimita 570 ilhali Brasília hupata 1,480, kwa sababu milima ya mashariki huikinga Dodoma na pepo zenye unyevu, wakati Brasília hufikiwa na hewa nyevu kutoka Atlantiki na Amazoni. Wastani ni wa 1991 hadi 2020."

Nimempa alama zake kwa ile sentensi ya mwisho.

Alipomaliza chati yake kwa rula na penseli, kwa kipimo kimoja, aliikalia kimya kidogo. Nguzo za Brasília zilikuwa zimesimama kama mikorosho, za kwetu kama mabua baada ya mavuno.

"Mwalimu, ya Dodoma imekuwa fupi sana. Niirefushe kidogo ionekane?"

"Iache hivyohivyo."